Skrepa ya Shangazi

Shangazi hawezi kusikia kipaza sauti cha mnada akapita. Na Kibondo anakoishi minada haiishi, kwa sababu mashirika ya misaada huja na wakimbizi na huondoka nao. Miaka ya 1990 wilaya ilikuwa na Kanembwa, Mkugwa, Nduta na Mtendeli, zikiwa na Warundi wengi. Kwao kulipotulia, kambi zikafungwa moja baada ya nyingine. Mwaka 2015 Burundi ikachafuka tena, Nduta ikafunguliwa upya, na muda si mrefu Mtendeli nayo, ambayo wakati huo ilikuwa imeshaangukia Wilaya mpya ya Kakonko. Mwaka 2021 Mtendeli ikafungwa kwa mara nyingine. Kila ofisi ikifungwa, vitu vyake hutolewa nje vikanadiwa. Ukikuta kiti cha kuzunguka kwenye duka la pembejeo Kibondo, usihangaike kuuliza kilikotoka.

Siku moja Shangazi aliwinda jokofu. Bei ikamshinda, akarudi nyumbani na katoni moja ya makorokoro iliyouzwa bila kufunguliwa. Mlikuwa na nyaya za kompyuta, stepla, kitita cha funguo zisizo na makufuli, na skrepa.

Wengi wetu tunaijua skrepa ya fundi rangi, lile bapa la kukwangulia rangi iliyobabuka. Hii ilikuwa mjukuu wake: kipini cha chuma kinachojaa kiganjani, chenye kitufe. Ukisukuma kwa dole gumba, wembe unachungulia, ukirudisha, unajificha. Wembe wenyewe si huu wa dukani. Una makali upande mmoja tu, na mgongoni umekunjiwa ukanda wa chuma ili usipinde na usimkate anayeushika. Wembe tunaonunua sisi, wenye makali mawili, ulianza kuuzwa na King Gillette kule Marekani mwaka 1903. Unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ule wa skrepa ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Gillette alizishinda ndevu za dunia nzima, lakini wembe wa makali upande mmoja haukufa. Ulihamia kwenye vioo, gundi na rangi, ukakaa huko kimya hadi ulipofika kwa Shangazi.

Ni mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza na la pili. Kazi hiyo imemwachia imani kwamba hakuna doa lisilotoka kwa mtu anayerudia. Nyumbani kwake, nakiri, aliitumia skrepa vizuri kuliko mafundi wengi. Alilowesha kioo kwa maji ya sabuni, akaulaza wembe karibu na kioo, akasukuma mbele, akanyanyua, akaanza tena mahali pengine. Hakuwahi kuuvuta kinyumenyume, kwa sababu wembe ukirudi nyuma huburuta chini yake uchafu ule ule uliokwisha kung'oka. Matone ya rangi ya mafuta yaliyokaa madirishani mwake tangu nyumba ijengwe yakaanguka maganda maganda. Baada ya madirisha ikafuata nta ya mishumaa ya zama za kukatika umeme, kisha solotepu, kisha viota vya nyigu kwenye fremu, kisha kila stika ya kila chombo alichonacho. Kila ushindi aliupigia simu kwetu Kasulu. Baba akaweka spika, sote tukasikia sauti ya kukwangua kutoka Kibondo, kri, kri, kri, na Baba akisema, "Hongera, dada."

Mama hakusema hongera. Hapa inabidi nieleze kuhusu Mama na stika.

Jokofu letu lilikuwa na stika ya nyota za matumizi ya umeme, lilikuwa na stika ya gesi, na mlangoni lilikuwa na karatasi ya rangi ya fedha inayoonyesha jokofu lile lile likiwa limejaa zabibu. Hatujawahi kuweka zabibu. Meza ya kioo ilikuwa na stika ya bilauri iliyovunjika, ya kuonya wapagazi. Sahani za wageni zilikuwa na bei mgongoni. Makochi yalikaa na nailoni zake mpaka Baba alipogoma, kwa sababu kila akiinuka suruali ilimganda na kulia mbele ya wageni. Lakini kilele cha yote kilikuwa chupa ya chai, ya kutoka Kigoma mjini, ambayo kiunoni ilivaa karatasi yenye picha ya waridi na maelezo kwa Kichina. Mama aliiosha kwa kuizungukia ile karatasi, kitambaa kikipita juu na chini yake, wala tone halikugusa.

Mwanzoni nilimcheka, sasa niko upande wake. Huku kwetu vingi tunavyovaa, tunavyokalia na tunavyoendesha vilikwisha kutumiwa na mtu mwingine, awe wa ng'ambo au wa ofisi iliyofungwa Kibondo. Kitu kilichotoka kwenye boksi lake mbele ya macho yako, ukalipa wewe, ukakikata kamba wewe, kinahitaji ushahidi. Risiti hufifia katika msimu mmoja. Stika hudumu. Mama huliweka hivi: siku stika inapotoka ndiyo siku kitu kinapozeeka, na yeye hana haraka.

Mdogo wangu wa kike akaposwa. Washenga wakapanga kuja Jumamosi moja ya Agosti kuzungumza mahari, na Baba akaamua nyumba ipakwe rangi. Agosti katika nyanda hizi ni kiangazi cha kutosha: mvua iliyokatika Mei haijafikiria kurudi, na vumbi jekundu linatua juu ya kila kitu kabla hujamaliza kukifuta. Fundi alifanya kazi nzuri ukutani na mbaya kwenye vioo. Alipoondoka Jumatano, kila dirisha lilikuwa na matone ya rangi ya maziwa. Fundi mwenyewe alishauri tuyaache, yangetoka "yenyewe taratibu". Baba, ambaye siri humuwasha ulimini, akampigia dada yake.

Alhamisi Shangazi alishuka basi la kwanza kutoka Kibondo. Mizigo yake ilikuwa mkoba mmoja, debe la asali, na skrepa ndani ya soksi.

Tatizo ni kwamba nyembe za skrepa zilikuwa zimekwisha. Zile chache zilizokuja nazo alizimaliza kwenye nyumba yake mwenyewe, na Kibondo nzima hakuna duka lililowahi kuzisikia. Shangazi si mtu wa kushindwa na duka. Alinunua nyembe za kawaida, akaukunja kila mmoja ukiwa ndani ya karatasi yake mpaka ukalia tak na kuwa nusu mbili, kisha akaikunjia kila nusu kipande cha kopo la maziwa mgongoni, ikakaa kwenye kipini. Nusu za akiba alizihifadhi kwenye kiboksi cha kibiriti. Baba alimwuliza kama ni salama. Akajibiwa kwamba miaka ya kampeni za UKIMWI ni yeye aliyefundisha wilaya nzima kuhusu nyembe, na kwamba Baba akafute viatu.

Alichokuwa hakijui ni kwamba wembe mwembamba hauna nguvu yake mwenyewe. Ndani ya kinyolea hukandamizwa juu na chini, ukapindishwa kidogo, ukaachiwa ukingo tu nje. Hapo ndipo unapokuwa mkali na mtulivu. Ukiutoa nje nusu sentimita bila kitu cha kuushikilia, unacheza, na ukicheza sana unakatika.

Vioo vilianza vizuri. Lakini Kasulu wiki ile maji ya bomba yalikuwa ya mgao, na Mama alikuwa ameyafungia mapipa kwa ajili ya wageni. Shangazi akatumia kitambaa kibichi tu, na baadaye hata hicho kikakauka. Chuma cha wembe na kioo cha dirisha hukaribiana kwa ugumu, kwa hiyo wembe safi kwenye kioo safi hauachi alama. Ila vumbi letu lina chembe za mchanga, na mchanga unavishinda vyote viwili. Kila alipousukuma wembe alisukuma na mchanga. Asubuhi hatukuona kitu. Alasiri jua lilipoingia sebuleni kwa upande wa magharibi, madirisha yote yalijaa mistari myembamba iliyopinda pamoja, kuelekea kulia, maana Shangazi ni wa mkono wa kulia.

"Ni nakshi," Baba alisema.

Mama alikuwa ameanza kumfuata wifi yake chumba hadi chumba.

"Wifi, hiyo iache."

"Wifi, hii ni karatasi tu."

"Ni karatasi yangu."

Stika ya meza ya kioo ikaenda wakati Mama yuko jikoni. Bei za sahani zikaenda wakati amekwenda sokoni. Aliporudi na kuona jokofu halina zabibu, Mama hakugomba. Aliichukua chupa ya chai, akaipeleka chumbani kwake, akaisukumia chini ya kitanda hadi ukutani.

Baba Mdogo, aliyekuja na gari lake kusaidia kubeba viti, alidhani amepata bahati. Kioo chake cha mbele kilikuwa na safu ya stika za ada ya mwaka ya gari, ada ile iliyofutwa na bajeti ya 2017/18 aliyoisoma Dk. Philip Mpango, mtu wa Buhigwe hapo jirani. Shangazi akazitoa zote, kioo kikang'aa. Akafurahi, akahamia cha nyuma, kilichokuwa na tangazo la mtu aliyeuza gari hilo kabla yake. Kwenye kioo cha nyuma kuna mistari ya rangi ya kahawia ambayo hupitisha umeme na kukausha ukungu. Shangazi aliiona kuwa uchafu sugu. Asubuhi za Kasulu zina ukungu, na Baba Mdogo siku hizi huuona mji kupitia nusu ya chini ya kioo.

Ijumaa usiku ndipo nyumba ilipopinduka. Sebuleni kulikuwa na mkeka, na juu ya mkeka mama wadogo na majirani walikuwa wakichambua maharage kwenye nyungo. Televisheni ilikuwa inasoma habari. Shangazi, amekaa kochini na kipini mkononi, aliona nukta nyeusi kwenye kona ya kioo cha televisheni. Kinyesi cha nzi. Hakuna aliyemwona akiinuka.

Televisheni hizi bapa kwa mbele hazina kioo cha dirisha. Usoni zina utando wa plastiki unaochuja mwanga, na bila utando huo picha haionekani, inabaki nyeupe tupu. Shangazi alisukuma mara moja, utando ukachanika, akashtuka, akabonyeza zaidi. Tukasikia tak.

Kwanza tuliiona televisheni. Msomaji wa habari alikuwa na kovu jeupe kutoka jichoni hadi kidevuni. Akaja mwandishi wa mikoani, akalivaa yeye. Akaja waziri, akalivaa. Kisha mtu mmoja akauliza, kwa sauti ya chini sana, wembe uko wapi.

Kwenye kipini kulikuwa na kipande cha nusu ya nusu. Kipande kingine kiliruka, na mbele yake kulikuwa na nyungo tatu za maharage ya wageni.

Nimewahi kusoma kwamba Wamarekani, enzi za baba zao, walikuwa na kabati za bafuni zenye ufa mdogo nyuma. Wembe ukiisha makali, mtu aliutumbukiza kwenye ufa, ukaangukia ndani ya ukuta, akausahau, na wanaobomoa nyumba hizo leo hukuta marundo. Niliukumbuka ufa ule kwa wivu. Kwetu wembe uliokwisha hufungwa kwenye karatasi na kutumbukizwa chooni, shimo linaumeza, na hakuna zaidi. Huu haukuwa umekwisha, na haukuwa mahali popote.

Watoto walipandishwa kwenye makochi na kukatazwa kushusha miguu. Majirani waliinuka mmoja mmoja wakikung'uta khanga zao, nyuso zikiwa zimekazwa. Tochi za simu zikawashwa. Mama alinyoosha mkono mbele ya Shangazi bila neno. Shangazi akaweka skrepa kiganjani mwake, na kiboksi cha kibiriti juu yake, naye Mama akavifungia kabatini. Lakini Shangazi ni mtu wa kusimamia. Akavaa kandambili zake na kuanza kuzunguka nyumba nzima akielekeza watu mahali pa kumulika, hata vyumbani, eti wembe huruka mbali kuliko mtu anavyodhani.

Binamu yangu ni fundi redio. Akaleta sumaku ya spika mbovu, akaifunga kamba, akaanza kuivuta sakafuni, akitupa somo kwamba chuma cha wembe, hata kile kisichoshika kutu, sumaku hukishika. Ilishika vingine kwanza. Ilishika sindano, pini za nywele, na vizibo vya soda. Ilishika hata vumbi, uzi mwembamba wa vumbi jeusi, maana udongo wetu una chuma chake. Chini ya kochi la Baba ilishika ufunguo wa droo ya Mama, ule ambao Baba alikuwa ameapa hajawahi kuuona, na kwa ajili yake droo ilivunjwa. Baba alisema tusipoteze muda na mambo ya zamani.

Maharage yakapitishwa kwenye sumaku konzi kwa konzi. Sumaku haikushika kitu. Shangazi akatangaza kwamba yako salama. Mama akasema maharage hayo hayataingia tumboni mwa mtu anayekuja kumwoa mwanawe. Usiku ule ule jirani akatupatia sado mbili za maharage yake, tukaanza kuchambua upya, safari hii jikoni, mlango umefungwa.

Wembe ulijitokeza wenyewe Jumamosi alfajiri. Shangazi alikuwa anakwenda kuoga, na mdogo wangu, bibi harusi mtarajiwa, akasikia sakafu inalia: kri, kri, kri. Kile kipande kilikuwa kimezama kwenye soli ya kandambili ya kulia ya Shangazi, ncha ikichungulia, na kilikuwa kimekaa humo usiku kucha wakati mwenye kandambili anawaonyesha watu pa kutafutia.

Hapo ndipo tulipoiona sakafu. Ni ya saruji, na Baba alikuwa ameagiza ipakwe rangi nyekundu wakati wa kupaka kuta. Mkwaruzo mweupe ulianzia mbele ya televisheni, ukazunguka mkeka, ukaenda jikoni, ukarudi, ukaingia chumba cha watoto, ukatoka. Ungeweza kuisoma ripoti nzima ya upekuzi. Kisha ukashika korido, ukaingia chumbani kwa Mama, ukaenda moja kwa moja hadi kitandani, na hapo mikwaruzo ilikuwa mingi na mifupi, ya mtu aliyechuchumaa kwa muda.

Mama alipiga magoti na kuitoa chupa ya chai.

Ilikuwa tupu kiunoni. Haina waridi, haina Kichina, haina hata gundi, inang'aa. Na ilinuka mawese. Aliponyang'anywa wembe, Shangazi alikuwa amepita jikoni akachota kijiko cha mafuta ya mawese, akaipaka ile karatasi, akasubiri, akasugua kwa kitambaa. Mafuta hulainisha gundi bila kukwaruza chochote. Kwa haki kabisa, ndiyo kazi safi kuliko zote alizofanya katika siku tatu, na aliifanya bila chombo chake.

"Wifi," Shangazi alisema, "si unaona sasa inavyopendeza?"

Mama aliifunga kifuniko, akaenda kuijaza chai, kwa sababu wageni walikuwa wanaonekana kule barabarani.

Washenga walikuwa watu wa adabu. Waliyatazama madirisha, wakatazama televisheni iliyozimwa na kufunikwa kitambaa cha kufumwa, wakakaa. Mkubwa wao, mzee mwenye bakora, alimiminiwa chai, akaigeuza chupa mkononi kwa mapenzi. Akasema anazijua chupa hizi, mama yake marehemu alikuwa nayo moja, na kwamba vitu vya zamani ndivyo vilivyotunza joto, si hivi vya siku hizi.

Chupa haikuwa na mwaka. Mama alimshukuru mzee. Mahari yalipozungumzwa upande wao waliomba kupunguziwa, na mwishowe ng'ombe mmoja akaondolewa kwenye hesabu. Baba anasema ndivyo mazungumzo yanavyokwenda popote. Mama anasema ng'ombe yule aliondoka na waridi.

Kaka yangu aliye Dar es Salaam alisimuliwa yote kwa simu, akacheka, na bila kumwuliza mtu akazitafuta Kariakoo nyembe zenyewe za skrepa, zile za mgongo mnene. Akazipata, akatuma boksi zima kwa basi. Ila alilituma Kibondo. Kwa hiyo sasa kipini kiko Kasulu, kabatini, chini ya ufunguo, na nyembe ziko kwa Shangazi. Kila wiki Shangazi humtuma konda wa basi kuja kuuliza kama wifi yake amemaliza kukitumia kile kipini. Kila wiki Mama humjibu konda kwamba bado anakihitaji, na kwamba kama kuna nyembe zinazokaa bure huko, ziletwe.

Baba amejaribu kusuluhisha. Amependekeza wakutane Makere, iliyo njiani, kila mmoja aje na chake. Shangazi amekubali, kwa sharti kwamba wifi aje na chupa ya chai, wanywe pamoja. Mama amesema Makere ni mbali, na jokofu jipya limekuja, haliwezi kuachwa peke yake.